Rubani Alale Wapi?

Ndugu zangu, karibuni. Nashukuru kwa kunipa jioni hii, na nashukuru zaidi kwa kuniacha niseme Kiswahili hapa Entebbe bila kuomba radhi. Sisi tuliorusha ndege Afrika Mashariki tulizoea hivyo: hewani Kiingereza, kwenye gari la kutupeleka hotelini Kiswahili, nyumbani kila mtu na lugha ya mama yake.

Vijana wanaotoka chuo cha urubani cha Soroti wana swali moja wananiuliza hata kabla ya kuuliza mshahara. Mzee, nikipata kazi, nihamie kwenye kituo changu, au nibaki kwetu niwe napanda ndege kwenda kazini? Kwa wasio wa fani hii, kituo ni ule uwanja ambao zamu yako inaanzia na kuishia. Kampuni inakuhesabu kuanzia pale. Umefikaje pale, kwa boda au kwa ndege, hilo ni lako.

Mimi nilipanda ndege. Miaka minne familia yangu ilikuwa Nairobi na kituo changu kilikuwa hapa. Mke wangu alikuwa na kazi nzuri kule, watoto wako shule, na nyumba tulikuwa tumefikia kuezeka. Nikajiambia, Nairobi na Entebbe ni saa moja tu angani. Kuna watu wanakaa kwenye daladala zaidi ya hapo.

Sasa nisaidieni kuhesabu. Natakiwa kuripoti saa nane mchana. Nasafiri kwa tiketi ya wafanyakazi, yaani napanda ikiwa nafasi imebaki. Ndege ya mchana siwezi kuitegemea, maana ikijaa nimekwisha. Basi nategemea ile ya asubuhi, na ili niiwahi naamka saa tisa usiku. Nairobi nako kuna yale mawingu ya alfajiri yanayolala chini, na ziwa letu hili mnalijua, radi zake hupenda usiku na mapambazuko. Nikifika nakaa kwenye kiti cha plastiki, najifanya nasoma. Saa nane naweka sahihi, na kwenye karatasi siku yangu inaanza hapo. Natua mara ya mwisho saa nne usiku. Karatasi inasema nimefanya kazi saa nane. Mwili wangu unasema niko macho tangu saa tisa ya usiku uliopita, saa kumi na tisa.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha jaribio lao katika jarida la Nature. Waliwakesha watu, na siku nyingine wakawanywesha pombe watu walewale, kisha wakalinganisha walivyofanya. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Mimi, ambaye nisingegusa hata bia moja siku ya kuruka, nilikuwa nimepita hapo kwa saa mbili, na sheria ilikuwa upande wangu.

Mfano unaotajwa kila mahali ni wa Marekani. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka karibu na Buffalo. Walikufa wote 49 waliokuwamo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini. Kituo cha marubani wale kilikuwa Newark. Kapteni makazi yake yalikuwa Florida, na usiku wa kuamkia safari ile alikuwa kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani. Rubani msaidizi alikuwa akiishi karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi. Alivuka bara lote usiku kucha, akidandia ndege za mizigo na kubadilisha Memphis, akatua Newark asubuhi ya siku ileile ya kazi.

Ila tusiongeze chumvi. Wachunguzi hawakusema uchovu ndio ulioiangusha. Sababu waliyoiandika ni jinsi kapteni alivyoitikia onyo la kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea: aliuvuta usukani mahali alipotakiwa kuusukuma. Kuhusu uchovu walisema huenda uliwapunguzia wote wawili uwezo, lakini kwa kiasi gani haikuweza kujulikana. Nimesoma maneno hayo mara nyingi. Uchovu hauachi alama kwenye mabaki ya ndege.

Kanuni mpya za mapumziko zilianza kutumika Marekani Januari 2014: saa kumi za kupumzika kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa nane mfululizo. Safari ya kutoka kwako hadi kituoni bado haikuhesabiwa kuwa kazi. Wazungu wa Ulaya wao wana mwongozo ninaoupenda: ikiwa kwa kawaida unatumia zaidi ya dakika 90 kutoka nyumbani hadi kituoni, fikiria kutafuta pa kulala karibu.

Dakika 90! Mnacheka kwa sababu mnatoka Mukono, kule upande wa pili wa Kampala. Ulaya wamehesabu dakika, wameacha kilomita, na wamefanya vizuri. Kampala hadi hapa ni kama kilomita 40. Barabara ya kasi iliyofunguliwa 2018 imetuokoa, na mimi zile shilingi 5,000 zilizoanza kutozwa 2022 nazilipa nikitabasamu. Lakini barabara hiyo inakupokea Busega au Munyonyo, ukingoni mwa Kampala. Mvua ya Ijumaa jioni ikupate bado uko Mukono, mwenzako wa Nairobi ataondoka baada yako na atatua hapa wewe hujafika hata Kajjansi njiani. Kwa hiyo rubani wa Mukono asimcheke yule wa Nairobi. Wote wawili wanaishi mbali, ila mmoja hajijui.

Mtauliza, basi kwa nini watu wasihamie tu? Hapa nawatetea wenzangu. Kituo si kitu cha kudumu. Waliojenga Entebbe kwa kuitegemea Uganda Airlines waliona shirika likifa mwaka 2001, na likarudi angani 2019. Ni miaka kumi na minane. Nyumba ilibaki, kazi ikaondoka, na wenye nyumba wakatawanyika kutafuta riziki kwa watu. Ukiwa na mke mwenye ajira yake na mtoto wa darasa la sita, huwezi kuwahamisha kila ratiba inapobadilika. Baadhi ya mashirika ya Ghuba huwapa marubani wao nyumba, na swali hili hupungua makali. Huku kwetu, kodi ni yako na nauli ni yako.

Na anayeumia zaidi ni mgeni kazini. Rubani mpya hupewa zamu za akiba, yaani simu ikilia awe amefika kituoni ndani ya muda mfupi. Aliye Nairobi hawezi, kwa hiyo anakuja kukaa huku akisubiri simu ambayo huenda isilie wiki nzima. Mimi nilikaa hivyo hapa Entebbe, mtaa wa Kitooro, sita katika chumba kimoja chenye vitanda viwili vya dabo deka. Piga hesabu mwenyewe. Mmoja akitoka saa kumi alfajiri, mwingine analala palepale, godoro bado lina joto. Tuliita mahali pale nyumbani, kwa mzaha.

Siku iliyonihamisha haikuwa ya hatari hata kidogo. Ndege ya asubuhi ilijaa, iliyofuata ikachelewa, nikampigia msimamizi wa ratiba nikamwambia nitafika lakini sitakuwa na hali ya kuruka. Akaniuliza, "Kapteni, umechoka na nini wakati zamu haijaanza?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu kwenye karatasi alikuwa sahihi. Mwaka ule nikapanga nyumba ndogo hapa. Mke wangu alikuja baada ya muda, na hakuja kwa furaha. Hilo niliseme pia.

Kwa hiyo kijana wa Soroti nitakujibu hivi. Ukiwa kwenye zamu za akiba, lala karibu, hata kama ni chumba kimoja. Ukishapata ukongwe na ratiba ya siku nyingi kwa mpigo, siku sita kazini na sita nyumbani, hapo kusafiri kunawezekana, kwa sharti kwamba unakuja jana yake jioni. Nasema jana yake. Ukisikia moyoni "ile ya alfajiri itaniwahisha", umeshaanza kuwa mimi.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, wewe mwenye shati la bluu. Lakini kama umetoka Mukono, tuambie kwanza leo umeondoka saa ngapi.