Mkono wa Ami na Mbegu za Upupu

RUKIA: Asalamu aleikum, karibuni barazani. Leo Athman ana neno. Tangu tukae hajagusa kahawa, na nyinyi mnamjua.

ATHMAN: Waaleikumu salaam. Wiki hii nilimvusha ami hadi Mokowe, tukaenda kwa daktari. Ami yule fundi wa milango. Mkono wa kulia unamtetemeka, na mtaani washaamua: ana shetani, apungwe.

RUKIA: Daktari naye?

ATHMAN: Parkinson, ugonjwa wa ubongo. Alimwambia auweke mkono pajani, autulize. Kidole gumba kikawa kinasugua cha shahada, polepole, kama mtu avutaye tasbihi. Kisha akampa kalamu aandike. Mkono ukatulia! Ami akasema, "Si nimewaambia, nikishika patasi mkono hauna neno?"

RUKIA: Ndivyo ulivyo. Mtetemeko wa ugonjwa huu huzidi mkono ukipumzika. Kuna seli ubongoni zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupeana habari kwayo, nazo ndizo zinazokufa. Mtu aanzapo kutetemeka, nyingi zishakwenda.

ATHMAN: Kemikali kupeana habari? Ilijulikanaje? Anza na wale vyura, tulivyopanga.

RUKIA: Haya. Wataalamu walibishana miaka: neva, yaani mishipa ya fahamu, hupeana habari kwa umeme au kwa kemikali? Mwaka 1921, mjini Graz, Austria, Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura, yote inapiga. Wa kwanza akausisimua neva yake ya vagasi, ile itokayo ubongoni hadi moyoni, mapigo yakapungua. Akachota maji ya chumvi yaliyokuwemo moyoni mle, akayatia kwenye moyo wa pili ambao neva hakuigusa kabisa. Nao ukapunguza mwendo!

ATHMAN: Kwa maji tu?

RUKIA: Maji yenye kitu ndani. Kitu chenyewe ni kemikali iitwayo asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Ubongo ukafuata. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura reserpini, dawa inayomaliza dopamini ubongoni, wakazubaa hawasogei. Akawadunga L-dopa, ambayo mwili huigeuza dopamini, wakachangamka. Mwaka 1960, Vienna, Oleh Hornykiewicz na mwenzake wakapima ubongo wa watu waliokufa na Parkinson. Dopamini ilikuwa imepungua mno.

ATHMAN: Basi ami si apewe dopamini yenyewe?

RUKIA: Haivuki kutoka damuni kuingia ubongoni. L-dopa huvuka. Na unajua L-dopa imo kwenye nini? Upupu.

ATHMAN: Upupu huu wa kuwasha?

RUKIA: Huo huo. Vinavyowasha ni vinyweleo vya ganda. Dawa imo ndani ya mbegu.

ATHMAN: Lahaula! Kuna mtoto alitumwagia upupu kwenye mkeka wa chuoni. Mwalimu alijikuna mpaka juzuu ikamtoka mkononi!

RUKIA: [anacheka] Mtoto huyo wasikilizaji wanamjua, ni shemeji yako. Lakini nisikilize. Mimi nasema watu waambiwe. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa Bolivia, wagonjwa 18. Walipewa unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa, na haukupitwa na vidonge vya L-dopa. Mgonjwa wa Witu asiye na pesa ya vidonge, nani amwambie?

ATHMAN: Wagonjwa 18, madaktari wamewasimamia, unga umepimwa. Huku nani atapima? Mbegu hii na ile hazilingani nguvu. Mtu akichanganya na vidonge atatapika, presha imshuke, aanze kuona visivyokuwepo. Simpi ami.

RUKIA: Sikusema umpe. Nasema tusifiche.

ATHMAN: Kusema humu ni kumpa. Kesho utaukuta sokoni kwenye vipakiti, mtu anaapa ni dawa ya kila mtetemeko.

RUKIA: Tusiposema watauza vilevile, na hakuna atakayemwambia mnunuzi habari ya presha.

ATHMAN: Atakayeumia ni mzee wa watu.

RUKIA: Na anayekaa bila dawa mwaka mzima, haumii? Anashindwa hata kujifunga kikoi!

ATHMAN: Atafutiwe vidonge. Kelele tuzipige huko.

RUKIA: Kelele napiga, na upupu nautaja.

ATHMAN: Hapo hatupatani.

RUKIA: Hatupatani.

ATHMAN: Na saa imekwisha. Serotonini, ile kemikali nyingine ya ubongo, hatukuigusa, wala miraa, wala yale mambo matatu ya kuwaambia wenye wagonjwa.

RUKIA: Upupu umekula kipindi! Nipe moja tu. Ami anakunywa kidonge saa ngapi?

ATHMAN: Mchana, na chakula. Jana alikula changu mzima, kisha akalalamika kidonge hakimfanyii kitu.

RUKIA: Ndiyo hapo! Protini ya samaki hushindana na L-dopa kuingia damuni, na kuingia ubongoni pia. Muulizeni daktari kama anaweza kukitanguliza nusu saa kabla ya kula. Samaki asimwache.

ATHMAN: Subiri, nampigia daktari sasa hivi. Kwetu wameshaanza kupakua.