Doa Lisilo na Jina

Walimu wangu, shikamooni. Na ninyi wa mwaka wa pili mliobanana huko nyuma, karibuni.

Leo nawaonyesha jinsi karatasi inavyotenganisha vitu vilivyochanganyika, na jinsi ilivyofichua homoni moja ya tezi ya shingo. Hii ni karatasi ya chujio. Mstari wa chini nimeuchora kwa penseli, maana wino ungepanda pamoja na sampuli. Msiishike kwa vidole vitupu: jasho lina asidi amino, na ukipuliza ninhidrini, dawa ya kufichua asidi amino, utapata alama ya dole gumba, zambarau, imetulia pale kama muhuri wa serikali za mitaa. Yamenikuta.

Nadondosha tone la sampuli kwenye mstari, nalikausha, nadondosha jingine palepale. Sasa ukingo nauchovya kwenye butanoli, aina ya alkoholi, yenye maji na asidi asetiki. Samahanini kwa harufu. Nyuzi za karatasi zimeshika maji, butanoli inapita juu yake. Kinachopenda maji hubaki nyuma, kinachopenda butanoli hutangulia. Wanakemia Consden, Gordon na Martin walieleza mbinu hii mwaka 1944.

Twende kwenye tezi ya shingo, ile inayovimba ikawa rovu tukikosa madini joto, yaani iodini. Tezi hubandika iodini kwenye tairosini, mojawapo ya asidi amino, atomu 1 au 2. Hivyo ni vitangulizi tu, vitu vya kutengenezea homoni. Vyenye atomu mbilimbili vikiungana, tunapata thairoksini, homoni ya tezi hii, yenye atomu 4. Lakini kiasi chenyewe ni kiduchu, ninhidrini haifui dafu. Ndipo ikaingia iodini-131, yenye mionzi, ambayo nusu yake huisha kwa siku 8. Unampa panya, unachukua tezi yake, unaimeng'enya, unaitenganisha kwenye karatasi, kisha karatasi unailaza gizani juu ya filamu ya eksirei. Palipo na iodini, filamu huwa nyeusi.

Mtafiti Jack Gross, akiwa Montreal, Kanada, na mwenzake Leblond, aliona kwa njia hiyo doa lisilolingana na chochote kilichojulikana. Mimi ningesema karatasi imechafuka, nikaitupa. Yeye alilibeba swali hilo hadi London, kwa mwanabiokemia Rosalind Pitt-Rivers. Wakatengeneza maabarani thairoksini pungufu ya atomu moja ya iodini, na mwaka 1952 wakatangaza kuwa ndiyo iliyomo katika damu ya binadamu. Kwa panya, ikaizidi thairoksini nguvu.

Mwaka 1970 ikaonyeshwa kwamba watu wasio na tezi kabisa, wakipewa thairoksini, damu yao huwa na hiyo ya atomu 3. Kumbe thairoksini, tuliyoihesabu mwisho wa safari, nayo ni kitangulizi!

Haya, wa nyuma sogeeni. Butanoli imepanda vidole viwili.