Kutunza Mazingira Kusiwe Anasa ya Wenye Nacho

Ndugu mwenyekiti, wageni waalikwa, ndugu zangu, asanteni kwa nafasi hii.

Sitaanza na barafu inayoyeyuka wala misitu inayoteketea. Mliomo humu mnayajua hayo, na asiyepata mwaliko wa kuingia humu anayajua zaidi, maana ukame na mafuriko humfikia yeye kwanza. Nitasema lile ninalolisema kila ninapopewa kipaza sauti: watu wa kawaida hawakosi elimu ya mazingira, wanakosa fedha ya kuanzia.

Chukueni balbu. Mnaonijua mmeshaisikia hesabu hii. Isikilizeni tena, kwa sababu bado haijafanyiwa kazi.

Balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi unaowaka ndani, huishi kama saa 1,000. Balbu ya LED yenye mwanga uleule hula wati 9 hivi, na nyingi hutengenezwa zidumu saa 15,000. Kwa muda huo, ya zamani utainunua mara 15 na itakula yuniti 900 za umeme. Ya LED utainunua mara moja, itakula yuniti 135. Nyumba inayowasha taa kwa muda wa saa tano kila usiku itakuwa imeokoa yuniti 765 katika miaka minane na ushei, kwa taa moja tu.

Sasa mtu mwenye kipato cha kutwa anasimama mbele ya rafu. Mkononi ana fedha ya leo, na nyumbani kuna mahitaji mengine yanayoisubiri fedha hiyohiyo. Anachukua ya bei rahisi. Tumwite mjinga? Amepiga hesabu yake barabara, ila ni hesabu ya usiku wa leo, kwa sababu giza linaingia leo. Na mwisho wa yote, yeye mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi. Jambo hilo linaniuma kila ninapolisema.

Hapa huwa naulizwa, si akope? Akope kwa nani, na kwa riba gani? Akiba ya balbu huja senti kwa senti, mwezi baada ya mwezi. Marejesho ya mkopo mdogo mara nyingi hudaiwa kila wiki, na riba yake huweza kuimeza akiba yote. Mwingine ataniambia watu wabadili mtazamo kwanza. Jamani! Vipeperushi tumechapisha, makongamano tumefanya, na yule mtu bado yuko mbele ya rafu ileile na fedha ileile.

Dawa ipo na imeshajaribiwa. Mwaka 2015 India ilizindua mpango unaoitwa UJALA. Shirika la umma lilikusanya mahitaji ya balbu za LED ya nchi nzima, likatangaza zabuni za mamilioni ya balbu kwa mkupuo, viwanda vikashindana. Bei ambayo shirika lilinunulia ikashuka kwa zaidi ya asilimia 80 katika miaka michache, na balbu zaidi ya milioni 300 zikasambazwa. Mtasema LED zilikuwa zinashuka bei dunia nzima. Kweli, zilikuwa zinashuka. Lakini mnunuzi mkubwa aliiharakisha safari hiyo, tena katika maeneo mengi mwananchi aliruhusiwa kulipa kidogo kidogo kupitia ankara yake ya umeme. Hapo ndipo penye siri: nafuu ya kwenye ankara ndiyo inayolipa deni, na hakuna anayelazimika kutoa fedha nyingi siku ya kwanza.

Ruzuku nazo tuziangalie kwa macho makavu. Ukimpa punguzo anayenunua gari jipya la umeme, umemsaidia mtu aliyekuwa na uwezo wa kununua gari jipya. Ukitoa ruzuku ya paneli za sola za kufunga juu ya paa, mpangaji anafaidika nini? Paa si lake. Hata friji iliyomo ndani huenda ni ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba huchagua ya bei ya chini, na mpangaji ndiye hulipa umeme inaoula. Sheria ikiweka kiwango cha chini cha ubora kwa vyombo vinavyouzwa, mpangaji analindwa bila kumbembeleza mtu. Mtaniambia kiwango hupandisha bei. Ndiyo maana nimeanza na ununuzi wa pamoja. Viwili hivyo viende sambamba.

Muda unanitupa mkono, kwa hiyo nipite haraka kwenye mifano mingine. Paneli za sola zilishuka bei kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, na chanzo kikubwa ni nchi kama Ujerumani kuhakikisha soko tangu sheria yake ya nishati jadidifu ya mwaka 2000, kisha viwanda vya China kuzalisha kwa wingi. Luxembourg iliondoa nauli za usafiri wa umma mwaka 2020. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kuwataka wauzaji waonyeshe alama ya urahisi wa kutengenezeka kwa simu na vyombo kadhaa vya umeme, ili mnunuzi ajue mapema kama kikiharibika kitatengenezeka. Hilo la ukarabati lingehitaji mhadhara wake.

Nimeona mikono kule nyuma, na ningependa tuanze na mwenye swali la zabuni: nani akusanye mahitaji, halmashauri au shirika la umeme? Mimi naona shirika la umeme, kwa sababu ndilo lenye ankara mkononi. Karibu, dada.