Kidonda cha Chuchu na Ugonjwa wa Kiwele: Mhadhara kwa Wafugaji wa Moshi

Ndugu wafugaji wa Moshi na vijiji vya mlimani, nimeombwa kuzungumzia ugonjwa wa kiwele, nami nitaanzia kwenye ngozi ya chuchu, kwa sababu hapo madhara mengi huanza bila kutiliwa maanani.

Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo, pamoja na vile vya mapele ngozi, huweza kuacha malengelenge na vidonda kwenye chuchu. Ni nadra virusi hivyo peke yake kusababisha uvimbe wa kiwele. Hatari kubwa ni kwamba kidonda kilicho karibu na tundu la chuchu huvunja kinga yake, bakteria kama Staphylococcus aureus wakapata njia ya kuingia. Zaidi ya hayo, ng'ombe mwenye maumivu hukataa kukamuliwa mpaka mwisho, na maziwa yanayobaki huwalisha bakteria hao. Antibiotiki haiui virusi hata kidogo; daktari wa mifugo huitoa kwa ajili ya bakteria waliofuata, na kuichoma ovyo ni kupoteza fedha na kuwafanya bakteria wawe sugu.

Linalonisikitisha zaidi ni ugonjwa uliojificha, ambao maziwa huonekana safi na kiwele hakivimbi, lakini mavuno hupungua siku hadi siku. Kipimo cha California, kilichobuniwa mwaka 1957, huuonyesha papo hapo bandani: maziwa ya kila chuchu huchanganywa na dawa ya kupimia kwa kiasi sawa, na yenye maambukizi huvutika kama mlenda. Seli za mwili wa ng'ombe, hasa zile za kinga, zikizidi 200,000 kwa mililita moja ya maziwa, kwa kawaida robo ya kiwele yenye chuchu hiyo imeambukizwa.

Bakteria hao husafiri kwa mikono ya mkamuaji, kwa kitambaa kimoja kinachofuta ng'ombe wote na kwa kopo la mafuta linalochovywa na kila mtu. Wengine, kama E. coli, hutoka kwenye samadi. Kwa hiyo, ukimaliza kukamua, chovya chuchu kwenye dawa ya iodini, kisha mpe ng'ombe majani ya migomba ili abaki amesimama kwa nusu saa hivi, maana tundu la chuchu bado liko wazi. Mgonjwa akamuliwe wa mwisho, na maziwa yake yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.