Presi ya mbao mbili na ala ya kisu cha mama

Jambo yenu, ndugu zangu wa Goma! Na ninyi wa Bukavu pia, sogeeni, hatubagui. Leo niko ndani ya gereji, huku Iowa, Marekani, baridi imekaza mpaka bisibisi inanata mkononi. Ndiyo maana mnaniona na koti.

Wiki zile mama alinipigia, kumbe nyuma yake mdogo wangu ana kidole kimefungwa kitambaa. Nikauliza. "Ah, ni kisu tu." Walikuwa wanatoka soko la Kituku na samaki, kisu kimeviringishwa gazeti ndani ya kapu. Gazeti likalowa maji ya samaki, pikipiki ikaruka kwenye mawe, unajua barabara zetu zile za mawe ya volkano, ncha ikatoka. Mtoto akashika kapu lisianguke, akashika na ncha.

Nikaona haya kidogo. Mimi nakata nyama kiwandani, kisu changu kinalala ndani ya ala ya plastiki kutwa nzima, halafu cha mama kinalala ndani ya gazeti.

Basi nikaamua kumtengenezea ala, na hii ndiyo presi ya kuitengenezea. Msicheke. Mbao mbili za tripleksi (plaiwudi), kila moja sentimita 30 kwa 30, bawaba mbili nyuma, sponji juu na chini. Kazi yake ni moja: plastiki ikiwa imelainika kwa moto, sponji inaisukuma ifuate umbo la kisu kila upande kwa pamoja. Mkono hauwezi. Ukibonyeza hapa, pale panainuka.

Sponji ndiyo iliyonisumbua. Nilianza na ya godoro. Ukiibonyeza inalala tu, haina nguvu ya kurudisha, ala ikatoka kama soksi. Nikabadilisha, nikakata mkeka wa kulalia kambini, ule mgumu usiokunywa maji, nikapanga tabaka mpaka unene ukafika sentimita mbili na nusu kila upande. Hiyo ikakubali.

Halafu bawaba. Nilizipigilia usawa wa mbao, nikasahau kwamba ndani kuna sponji ya sentimita tano jumla. Presi ikawa mdomo wa mamba: nyuma imebana, mbele iko wazi. Nikaongeza kipande cha mbao cha sentimita nne chini ya bawaba. Sasa ikifungwa, mbao zinalala sambamba na sponji inabanwa sawasawa. Baba mdogo wangu, yule fundi wa chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, angeliona hilo kabla sijashika nyundo.

Plastiki yenyewe inaitwa Kydex. Ni PVC, ile plastiki ya mabomba, iliyochanganywa na akriliki, plastiki nyingine; ilianza kutengenezwa Marekani miaka ya 1960 kwa ajili ya ndani ya ndege. Karatasi yangu ina unene wa milimita 2. Naipasha kwenye oveni ndogo niliyonunua mutumba, nyuzi 170 hivi za Selsiasi, dakika chache, mpaka inainama yenyewe kama chapati mbichi. Oveni hii haitapika chakula tena, tuelewane. Na mlango wa gereji uko wazi, baridi au hapana, kwa sababu PVC ikiungua inatoa gesi kali ya asidi, inachoma koo na macho. Mara moja nilizidisha moto: plastiki ikang'aa, ngozi yake ikapotea, harufu ikanifukuza nje.

Kisu nacho kinavaa skochi ya karatasi, tabaka mbili juu ya bapa. Usiruke hapo. Ala ya kwanza sikuweka, kisu kikaingia kikakataa kutoka, nikaikata ala kwa msumeno.

Haya, inatoka. Glavu... naikunja juu ya mgongo wa kisu, mgongo unakaa kwenye mkunjo, makali yanatazama upande ulio wazi. Ndani ya presi. Vibano vinne vya minuizie (seremala), kaza, kaza. Upesi, maana inaganda ukiitazama. Sasa tunasubiri dakika kumi. Nilishafungua baada ya tatu, ikajifungua kama jani.

Tukiwa tunasubiri nijibu lile swali lenu la kila siku: huku Goma Kydex tutaitoa wapi? Tumieni bomba la PVC. La milimita 110 ukilipasua na kulinyoosha linakupa karatasi ya karibu sentimita 34 kwa upana. PVC inaanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha kuilainisha, hata kwenu juu ambako maji yanachemka kama nyuzi 95. Hakuna moshi. Ubaya wake, inapoa upesi, na haichukui umbo kwa usafi kama hii. Ila kwa kisu cha samaki, inatosha. Naomba sana, msiiweke juu ya makaa ya mbabula (jiko la mkaa). Kuran, yaani umeme, ikikatika, sufuria ya maji bado iko.

Vibano hakuna? Mtu mmoja aliniuliza kama aweke mfuko wa simenti juu. Kilo 50 kugawanywa kwa sentimita za mraba 900, ni gramu 55 hivi kwa kila sentimita. Kidogo mno. Afadhali boliti nne kwenye pembe, ukaze kwa spana, au mipira ya tyubu iliyovutwa na kuzungushwa mara nyingi, kama tunavyofunga mzigo kwenye chukudu. Na ala hii ni ya jikoni na sokoni. Usiitie kiunoni ukatembea nayo mtaani, hali yetu unaijua.

Dakika zimetimia. Natoa... oneni alama ya mpini, imeshika hapa shingoni. Upande wa makali nitatoboa na kutia riveti, nizikate pembe, nipige msasa. Na ncha hapa chini napiga tundu dogo. Kisu cha samaki kinarudi na maji, maji yakikaa ndani, kutu.

Sikilizeni.

Klak.

Umesikia, mama? Geuza juu chini, haianguki. Tena: klak. Ukitaka kukitoa, kidole gumba kinasukuma ukingo wa ala, usivute kwa nguvu. Na huyo mwenye kidole, mwambieni ala hii ya kijani ni ya kisu chake cha kukatia nyanya.