Nguvu Lazima Iishie Mahali: Filamu za Mashujaa na Michezo ya Video Inayokuja

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa kupewa jukwaa hili. Nimekuja na mambo mawili ambayo kwa kawaida huzungumzwa mbalimbali: filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na teknolojia ya michezo ya video inayotujia. Nimeyaweka pamoja kwa sababu naona kosa lililozidhoofisha filamu hizo linakaribia kurudiwa katika michezo, na wakati wa kulizuia bado upo.

Nianze na shujaa mwenyewe. Fumo Liyongo tunamjua: hodari asiyeshindika, silaha hazimwingii, lakini akichomwa sindano ya shaba kitovuni, amekwisha. Iondoe sindano hiyo, utabaki na orodha ya maadui walioshindwa mmoja baada ya mwingine. Waliomsimulia walifahamu kwamba msikilizaji hashiki pumzi mpaka ajue nguvu ya shujaa inaishia wapi.

Watu wa filamu nao walilifahamu hili zamani. Mwaka 1978, Christopher Reeve aliporushwa angani akiwa Superman, kompyuta haikuwa na msaada wa maana. Fundi Zoran Perisic alibuni mtambo ambamo lenzi ya kamera na lenzi ya projekta zilivuta na kusogeza picha kwa pamoja, ili mandhari ya nyuma yabaki vilevile huku mwigizaji aliyening'inizwa akionekana kuja mbele au kwenda mbali. Kila mruko uligharimu jasho, na naamini ndiyo maana kila mruko una sababu yake katika hadithi.

Filamu ya pili ya Spider-Man ya Sam Raimi, ya mwaka 2004, naiweka juu zaidi kwa tukio moja tu, lile la treni. Kijana Spider-Man anajaribu kuisimamisha kwa miguu, anashindwa. Anarusha utando kwenye majengo ya pande zote mbili, anavutwa mpaka vazi linachanika, na treni inaposimama anazimia. Abiria wanambeba kwa mikono yao juu ya vichwa na kuuona uso wake usio na barakoa. Hapo tunajua treni ina uzito gani, kwa sababu tumeuona ukimwelemea mtu.

Sasa tazameni kilichofuata. Iron Man ya 2008 ilifungua mfululizo wa Marvel, The Avengers ya 2012 ikaonyesha kwamba mashujaa wa filamu mbalimbali wanaweza kukutana katika moja, na Avengers: Endgame ya 2019 ikaingiza zaidi ya dola bilioni 2.7 duniani. Mafanikio hayo siyabezi. Endgame iliwafunga kwa heshima watu tuliowafuata kwa miaka kumi na zaidi. Lakini tangu hapo, filamu nyingi mno zimemalizika kwa namna ileile: mbingu inapasuka, jeshi la viumbe wa kompyuta linamwagika, majengo yanaporomoka, na hakuna anayeumia. Akifa mtu, analetwa mwingine kama yeye kutoka ulimwengu sambamba. Kifo kimekuwa likizo. Mtazamaji akishajua hivyo, hata ukimwonyesha sayari nzima ikiteketea hatatikisika.

Chanzo chake, kwa maoni yangu, kiko katika namna kazi inavyopangwa. Picha ikiweza kutengenezwa yote baada ya waigizaji kwenda nyumbani, uamuzi nao huahirishwa mpaka dakika ya mwisho. Mafundi wa picha za kompyuta wamelalamika hadharani juu ya saa ndefu na mabadiliko yasiyokwisha, na Septemba 2023 wale walioajiriwa na Marvel Studios walipiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Nawaunga mkono. Uchovu wao tunauona kwenye skrini.

Kuna filamu moja iliyokwenda kinyume na mkondo huo, na ndiyo itakayotuvusha kuingia kwenye michezo. Ni Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018, ya katuni, iliyoshinda tuzo ya Oscar. Filamu huonyesha fremu, yaani picha moja moja tuli, 24 kwa sekunde. Wachoraji walimfanya Miles, kijana anayejifunza, abadilishe mkao mara 12 tu kwa sekunde, huku Peter, mzoefu anayeruka kando yake, akibadilisha mara 24. Huhitaji kuambiwa kwamba Miles bado hajaiva. Jicho linamwona akisitasita. Upungufu wa fremu umegeuzwa kuwa hali ya moyo wa mhusika.

Katika michezo ya video, fremu ni suala la kufa na kupona. Fremu moja ya filamu ya katuni inaweza kuichukua kompyuta saa kadhaa kuikamilisha, na hakuna anayejali, kwa sababu mtazamaji hayupo. Mchezo unaokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde una takriban milisekunde 16.7 za kusoma kidole chako, kukokotoa nani amegonga nini, na kuchora kila kitu. Mbinu ya kufuatilia miale ya mwanga inavyodunda kwenye vioo na maji ilielezwa vizuri na Turner Whitted mwaka 1980, lakini kadi za grafiki za nyumbani, yaani vifaa vya kompyuta vinavyochora picha, zenye sehemu maalumu ya kuifanya ndani ya muda huo zilitoka 2018, kutoka kampuni ya Nvidia.

Mengi tunayoahidiwa leo yanategemea akili mnemba. Kuna mbinu ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza, na hiyo naipenda kwa dhati: inaokoa muda, na inaviwezesha hata vifaa vya mkononi kama Nintendo Switch 2 ya mwaka 2025 kuonyesha picha safi. Ya pili ni kubuni fremu ambazo mchezo wenyewe haukuzichora. Ilianza 2022 kwenye kadi za Nvidia, na toleo la 2025 linaweza kuchomeka hadi fremu tatu baada ya kila moja halisi. Hapa ndipo ninapotia breki. Ili mashine ibuni fremu ya kati, lazima kwanza iishikilie ile inayofuata. Kama mchezo unachora fremu 30 za kweli, skrini inaweza kukuonyesha 120, lakini amri ya kidole chako bado inajibiwa na zile 30, tena kwa kuchelewa kidogo. Jicho linaridhika, kidole kinakataa. Huo ni utamu wa macho uleule uliozipoteza filamu, na umeanza kuuzwa kwa tarakimu kubwa kwenye matangazo.

Linganisheni na mfano huu. Marvel's Spider-Man ya studio ya Insomniac ilitoka 2018 kwenye PlayStation 4, mashine yenye diski inayozunguka, ikisoma kiasi cha megabaiti 50 hadi 100 kwa sekunde. Wahandisi walilazimika kurudia nakala za vitu vilevile, kama kisanduku cha barua cha mtaani, sehemu nyingi za diski ili kichwa cha kusomea kisipoteze muda kuvitafuta. Shujaa hakuweza kuruka kwa kasi kuliko diski ilivyoweza kumletea mitaa. PlayStation 5 ilikuja 2020 na hifadhi ya SSD, isiyo na diski inayozunguka, inayosoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde, na mchezo wa pili, wa 2023, ukamruhusu kupaa kwa mabawa na kuukata mji kwa kasi ambayo mashine ya zamani isingeimudu. Teknolojia imebadilisha anachoweza kufanya shujaa, na mchezaji anaihisi mikononi. Maendeleo ya namna hiyo ndiyo ninayoyatetea.

Superman bado hajapata mchezo wa hadhi yake. Ule wa 1999 kwenye Nintendo 64 ulimrusha kupita kwenye mapete ndani ya ukungu mzito, kwa kuwa mashine haikuweza kuchora mji kwa mbali. Ukungu leo umeondoka, kazi ngumu imebaki: anayeweza kuvunja chochote anahitaji mji unaovunjika. Teardown ya 2022 iliujenga ulimwengu wake kwa vijisanduku vidogo ili karibu kila ukuta uweze kubomolewa. Mchezo wa Shadow of Mordor wa 2014 ulikuwa na maadui wanaokumbuka jinsi mlivyopigana na kurudi na makovu yao. Mfumo huo uliwekewa hataza, yaani haki ya kuuzuia usitumiwe na wengine, na kampuni ya Warner Bros. mwaka 2021, jambo ninaloliona kuwa hasara kwa fani nzima.

Wahusika watakaozungumza lolote kwa akili mnemba nao wanakuja. Waigizaji wa sauti nchini Marekani waligoma kuanzia Julai 2024 wakidai ulinzi dhidi ya kunakiliwa, na walikuwa na haki. Mimi naongeza hoja ya ufundi: mhusika asiyeishiwa maneno ni sawa na shujaa asiyeumia. Anayejua mambo matatu tu, na anaogopa kulisema moja, nitamfuata mpaka mwisho wa mji.

Basi watengenezaji wa mashine zijazo wakiniuliza nataka nini, nitawaambia hivi. Superman akiokoa basi kwa kuvunja daraja, kesho yake daraja liwe bado limevunjika, watu wazunguke mbali kwenda kazini, na mmoja wao amlaumu kwa jina. Hilo linahitaji kumbukumbu kubwa na kichakataji chenye nguvu kuliko linavyohitaji kadi ya grafiki ya gharama, na huko ndiko fedha za utafiti zinapaswa kwenda.