Kuzimu si Jehanamu

Elia: Karibu tena msikilizaji. Dada Tumaini, wiki iliyopita ulisema hakuna marehemu aliyeko jehanamu, na watu wamekuja juu.

Tumaini: Nilisema hayuko huko *sasa*. Kaka Elia, fungua Ufunuo 20, mstari wa 14. Nini kinatupwa motoni?

Elia: "Mauti na Kuzimu zikatupwa katika lile ziwa la moto."

Tumaini: Sasa kama kuzimu ndiko motoni, moto unatupwaje ndani ya moto?

Elia: (anacheka) Hapo umenikaba.

Tumaini: Mimbarani tumezoea kuyachanganya. Kuzimu ni Sheoli ya Kiebrania, Hadesi ya Kigiriki, yaani makao ya wafu. Yakobo alipodhani Yusufu ameliwa na mnyama, alisema atamshukia mwanawe kuzimu akiomboleza. Alikuwa anajitabiria moto, yeye na mtoto?

Elia: Haiwezekani. Na jehanamu?

Tumaini: Hilo ni bonde! Bonde la Hinomu, kusini mwa Yerusalemu. Yeremia sura ya 7 analilaani kwa sababu watu waliwachoma watoto wao pale. Yesu alipolitaja, wenyeji walijua anasema wapi.

Elia: Lile jalala lililowaka usiku na mchana.

Tumaini: Ee, habari ya jalala tuipunguze. Shahidi anayetajwa sana ni Rabi David Kimhi, kama mwaka 1200 hivi. Zaidi ya miaka elfu baada ya Yesu! Tena haihitajiki, watoto wale wanatosha kututisha.

Elia: Haya, tajiri wa Luka 16? Yuko kuzimu, anaungua, anaomba tone la maji.

Tumaini: Huo ndio mwiba wa hoja yangu, sikatai. Wengine wanasema ni mfano tu. Wengine wanajibu: mbona Lazaro, yule maskini wa mlangoni kwa tajiri, ana jina, na hakuna mfano mwingine wa Yesu wenye mtu aliyetajwa jina hivyo? Mimi naegemea mfano. Lakini hata ukiichukua ilivyo, tajiri ana ndugu watano, bado wazima, wako nyumbani kwa baba yao. Siku ya mwisho haijafika. Yale ni mahabusu, hukumu bado.

Elia: Na mhalifu msalabani? "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." *Leo*, dada.

Tumaini: Wasabato watakwambia sogeza mkato: "nakuambia leo, utakuwa pamoja nami." Maana kwao wafu wamelala, hawajui neno lolote, Mhubiri 9:5. Na mkato wenyewe uliwekwa na wahariri baadaye.

Elia: Wewe unauweka wapi?

Tumaini: Kabla ya "leo". Tazama Marko 14:30, Yesu na Petro: "Amin, nakuambia", kisha leo, usiku huu, utanikana. "Leo" inakwenda na kinachofuata. Ndivyo alivyozoea kusema.

Elia: Kwa hiyo yule bwana yuko peponi, na bado anangoja ufufuo?

Tumaini: Anangoja, akiwa na Bwana.

Elia: Kimya kimya?

Tumaini: Soma Ufunuo 6, wale waliochinjwa, walio chini ya madhabahu. Wanapaza sauti wakiuliza, hata lini? Wanapewa nguo nyeupe, wanaambiwa wastarehe bado muda mchache.